Kitochi cha Bibi: Historia ya Simu Ndogo Iliyofanya Kazi Kubwa

Desemba iliyopita tulimnunulia Bibi simu janja. Sisi tunaoandika makala haya ni wawili. Mmoja familia yake imetoka Tanga, mwingine Mombasa. Bibi ni wa yule wa Tanga, lakini sote tunamwita Bibi kwa sababu sote tunakula kwake. Anaishi Hodge Hill, mashariki ya Birmingham, si mbali na barabara ya M6, na alifika huko mwaka 2011 kuishi na mwanawe.

Simu tuliyomnunulia ilikuwa nzuri, ina kioo kikubwa na picha za wajukuu wote. Tulimfundisha jioni nzima, akaitikia "haya wanangu, haya". Januari tulipomtembelea tuliikuta imelala kifudifudi juu ya friji, haina chaji. Kibaya zaidi, kwa wiki tatu Bibi alikuwa hajampigia mtu yeyote, hata dada yake aliyeko Pangani ambaye huzungumza naye kila Ijumaa. Kitochi chake cha zamani tulikuwa tumekitia kwenye droo, tukidhani tumemsaidia.

Tulipomuuliza kwa nini, alijibu kwa upole: "Hii yenu kila nikiigusa inakwenda pengine."

Jibu hilo lilitukaa. Sisi tulidhani tatizo ni Bibi. Tukaanza kusoma historia ya ile simu ya kwenye droo, tukakuta kwamba waliobuni kitochi walikuwa wamejiuliza maswali ambayo sisi wajukuu hatukuwahi kujiuliza.

Jina lake tu

Tanzania simu hizi huitwa kitochi, na wengine husema kiswaswadu. Kenya utasikia mulika mwizi, au kabambe. Angalieni majina mawili, kitochi na mulika mwizi. Hayasemi lolote kuhusu kupiga simu. Yanataja mwanga. Watu waliipa simu jina la kile walichokiona kuwa kipya na cha maana, na mara nyingi mwenye kutoa jina la mtaani huwa ameona sawasawa.

Kitufe kimoja

Simu za mkononi za mwanzo zilikuwa na vitufe vingi, na kila kazi mpya ilileta kitufe kipya. Kampuni ya Nokia ya Finland ilijaribu njia nyingine. Mwaka 1997 ilitoa simu ya Nokia 3110 yenye kitufe kimoja kikubwa chini ya kioo, kilichoitwa Navi-key. Mmoja wa walioshughulika na wazo hilo alikuwa mbunifu Christian Lindholm. Kazi ya kitufe iliandikwa kwenye kioo, juu yake tu. Pakiandikwa "Menyu", kinafungua menyu. Ukishachagua jina la mtu, kinapiga. Simu ikiita, kinapokea.

Kwa hiyo mtumiaji hakuhitaji kukumbuka kitufe kipi kinafanya nini. Alihitaji kusoma neno moja tu. Vitu vya kwenye menyu navyo vilipewa namba, na namba hizo hazikuhama. Ukishazijua kwa kidole unaweza kufika mahali bila kutazama. Bibi anafanya hivyo hivyo mpaka leo. Akibonyeza 2 na kuishikilia, inaita kwa mwanawe. Akishikilia 3, inaita Pangani. Macho yake hayaoni vizuri, lakini kwenye kitufe cha 5 kuna kinundu kidogo, na kutoka hapo kidole chake kinajua njia.

Kwenye simu janja hakuna kinundu. Kila kitu ni kioo laini, na programu zikisasishwa usiku, asubuhi kitufe kimehama. Hapo ndipo tulipoelewa maana ya "inakwenda pengine".

Vumbi, jasho na giza

Simu ya Bibi ni Nokia 1100. Ilitoka mwaka 2003, na yeye aliinunua Tanga mwaka 2005. Ilibuniwa kwa ajili ya nchi ambazo watu wengi walikuwa wananunua simu yao ya kwanza, na mbunifu wake anayetajwa ni Miki Mehandjiysky, Mmarekani mwenye asili ya Bulgaria.

Ukiishika utaona kila jambo lina sababu. Uso wa vitufe ni kipande kimoja cha mpira kisicho na nyufa, ili vumbi lisiingie. Ubavu na mgongo una mikwaruzo ya makusudi, ili isiteleze mkononi penye jasho. Kioo kina rangi moja tu na nukta 96 kwa 65, kwa hiyo kinakula umeme kidogo. Betri inadumu siku kadhaa, jambo kubwa kwa mtu ambaye chaji inampasa kuifuata dukani na kuilipia. Na juu kabisa pana taa. Unabonyeza kitufe cha C na kukishikilia, inawaka.

Taa hiyo ni kitu kidogo sana kwa bei. Lakini fikirini nyumba isiyo na umeme, au mji wenye umeme unaokatika kila mara. Fikirini choo cha nje usiku, au mama anayetafuta kitasa, au muuza duka anayehesabu chenji gizani. Waliobuni simu hii walianza kwa kumtazama mtu huyo, halafu ndipo wakafika kwenye simu.

Matokeo yake ni kwamba Nokia 1100 iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na inahesabiwa kuwa simu iliyouzwa kuliko zote. Mwaka 2005 Nokia ilipotimiza simu yake ya bilioni moja, ilikuwa 1100, na iliuzwa Nigeria. Simu ile ya kwenye droo, tuliyokuwa tukiionea haya mbele ya wageni, ina ndugu wengi kuliko simu yoyote mfukoni mwetu.

Minara ya Hodge Hill

Tulipokuwa tukisoma habari za miaka ile tulikutana na jambo la hapa hapa nyumbani. Julai 2004 jimbo la Hodge Hill lilifanya uchaguzi mdogo, baada ya mbunge wake Terry Davis kuondoka kwenda Baraza la Ulaya. Moja ya hoja zilizogombaniwa ilikuwa minara ya simu. Mmoja wa wagombea alikuwa amefanya kazi na kampuni za simu, na wapinzani wake waliliandika jambo hilo kwenye vipeperushi, kwa kuwa wakazi wengi hawakutaka minara karibu na nyumba zao. Liam Byrne wa chama cha Labour alishinda kwa kura 460 tu.

Mwaka ule ule, Bibi anasimulia, kijijini kwao watu walikuwa na mwembe mmoja uliojulikana kuwa "mwembe wa mtandao". Ukitaka kuzungumza unapanda, au unamtuma kijana apande. Huku watu walikuwa wanapigania mnara usije, na kule mtu anapanda mti kuutafuta. Hatusemi nani alikuwa na haki. Tunasema tu kwamba chombo kile kile hakina maana ile ile kila mahali, na mbunifu asiyelijua hilo atabuni kwa ajili ya jirani yake tu.

Simu moja, watu wengi

Jambo la pili ambalo wabunifu walilazimika kujifunza ni kwamba neno "simu yangu" lilikuwa na maana pana. Mwaka 2006 mtafiti wa Nokia, Jan Chipchase, na mwenzake Indri Tulusan walikwenda Uganda kuangalia jinsi watu wanavyotumia simu moja kwa pamoja. Tayari tangu 2003 kampuni ya MTN Uganda na Grameen Foundation walikuwa na mpango wa simu za vijijini, ambapo mtu mmoja anamiliki simu na wanakijiji wanalipia kuzungumza. Watafiti wale waliona pia ujumbe unaopokewa na mwenye simu kisha unapelekwa kwa miguu hadi kwa mwenyewe.

Waliona na jambo jingine, lililoitwa sente, yaani pesa kwa Kiganda. Mtu aliyeko Kampala ananunua vocha, lakini haiweki kwenye simu yake. Anampigia mwenye kibanda cha simu kijijini na kumsomea namba za vocha. Mwenye kibanda anaiingiza kwenye simu yake, anakata chake kidogo, na kumpa mama wa yule mtu fedha taslimu. Hakuna benki wala menyu iliyobuniwa kwa kazi hiyo. Watu waliibuni wenyewe kwa vitufe vilivyokuwepo.

Mwaka 2007 Nokia ilitoa simu ya 1200. Ndani yake kulikuwa na vitabu vya majina vitano tofauti, ili watu watano wa nyumba moja wasichanganye namba zao, na mtu aliweza kuweka kikomo cha muda au gharama ya simu kabla ya kumwazima mwenziwe. Kile ambacho familia zilikuwa zikifanya kwa mdomo, "zungumza dakika mbili tu, mwanangu", kiliingia ndani ya menyu.

Halafu kuna kubipu. Unapiga, inaita mara moja, unakata, na hulipi senti. Hakuna mbunifu aliyeiweka. Mtafiti Jonathan Donner aliandika mwaka 2007 kuhusu kanuni za kubipu, baada ya kufanya utafiti Rwanda, akaonyesha kwamba jambo hilo lina adabu zake: mwenye uwezo ndiye anayebipiwa na ndiye anayepiga, na kijana anayemchumbia msichana hambipu, anapiga. Wasomaji wengi wa jarida hili hawakuhitaji utafiti kulijua hilo. Mombasa kwa kina mwenzetu, mlio mmoja ulikuwa "nimefika salama", na milio miwili "nipigie sasa hivi".

Herufi kumi na mbili

Si kila simu rahisi ilifanikiwa. Mwaka 2006 kampuni ya Motorola ya Marekani ilitoa Motofone F3, na kwa kuitazama ilikuwa na kila sababu ya kupendwa. Ilikuwa nyembamba sana, milimita 9 tu. Kioo chake kilitumia wino wa umeme kama wa vifaa vya kusomea vitabu, kwa hiyo kilisomeka vizuri juani na kilikula chaji kidogo. Na kwa kuwa wabunifu waliwafikiria watu wasiojua kusoma, simu ilikuwa na picha ndogo na sauti iliyomwelekeza mtumiaji.

Lakini kioo hicho kilionyesha mistari miwili tu, kila mmoja herufi sita. Jumla herufi kumi na mbili kwa mara moja.

Sasa jaribuni Kiswahili. Neno "nitakupigia" lina herufi kumi na moja. Linajaza kioo kizima peke yake, tena likiwa limekatwa katikati. Neno "nimekukumbuka" lina herufi kumi na tatu. Halienei. Lugha yetu hufunga sentensi nzima ndani ya neno moja, mtendaji na wakati na mtendwa, na simu ile haikuweza kuonyesha hata neno moja la kumwambia mama kwamba umemkumbuka.

Kuandika na kusoma meseji kwenye simu ile kulikuwa kazi ya kuchosha, na meseji ndiyo ilikuwa njia nafuu ya mtu mwenye salio dogo. Motofone haikudumu sokoni. Kwa maoni yetu, kosa halikuwa urahisi. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mtu maskini ana machache ya kusema. Nokia 1100 ilipunguza rangi, ikapunguza vitufe, ikapunguza bei, lakini haikupunguza maneno.

Menyu ndani ya laini

Mfano mkubwa kuliko yote wa ubunifu wa simu ndogo hauko ndani ya simu kabisa. Uko ndani ya laini.

Katika miaka ya mwanzo ya 2000, Nick Hughes wa Vodafone hapa Uingereza alipata mchango wa karibu pauni milioni moja kutoka mfuko wa wizara ya maendeleo ya kimataifa ya Uingereza, na kampuni yake ikaongeza wa kwake. Pamoja na Susie Lonie walianza kazi Kenya na Safaricom. Programu ya kwanza iliandikwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge. Oktoba 2005 jaribio lilianza Nairobi na Thika, kwa wateja wasiozidi 500 wa taasisi ya mikopo ya Faulu. Nia ilikuwa kulipa mikopo kwa simu.

Swali gumu lilikuwa hili: menyu iwekwe wapi? Watu walikuwa na simu za kila aina, nyingi zikiwa vitochi. Hakukuwa na programu za kupakua. Basi menyu iliwekwa ndani ya laini yenyewe. Ukitia laini hiyo kwenye simu yoyote, hata ya bei ndogo kabisa, menyu inatokea: unachagua kutuma pesa, unaandika namba, unaandika kiasi, unaandika namba ya siri, unathibitisha. Kila kioo kinauliza swali moja tu. Mwisho meseji inakuja kwa mtumaji na kwa mpokeaji, na meseji hiyo ndiyo risiti.

Wakati wa jaribio wateja walifanya zaidi ya walichoambiwa. Walitumiana pesa wao kwa wao, wakalipiana mikopo, wakapelekea watu wa nyumbani. Walikuwa wakifanya kile kile tulichokisoma kuhusu sente. Waliokuwa wakiendesha mradi walitazama, wakabadilisha mpango. Machi 2007 M-Pesa ilipozinduliwa Kenya, tangazo lake halikutaja mikopo. Liliwaambia watu watume pesa nyumbani. Mwaka 2008 Vodacom iliipeleka Tanzania.

Kwa hiyo tunapojivunia M-Pesa, na tunajivunia kweli, tukumbuke kwamba ilijengwa juu ya kioo cha rangi moja na vitufe kumi na viwili. Udogo wa simu uliwalazimisha wabunifu kuuliza swali moja kwa wakati.

Wakati ulipogeuka

Baadaye wengine walimsoma mteja vizuri kuliko Nokia. Mwenye kutaka bei nafuu alikuwa na laini mbili au tatu, akizibadilisha kwa kucha mchana kutwa. Tecno na kampuni nyingine kutoka China zilileta simu za laini mbili mapema, Nokia ikachelewa. Simu bandia nazo zilijaa. Kenya ilizima zaidi ya milioni moja mwaka 2012, na Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016. Nokia iliuza biashara yake ya simu kwa Microsoft mwaka 2014, na tangu 2016 kampuni ya HMD ndiyo inayotengeneza vitochi vyenye jina hilo.

Droo ya Bibi

Tulirudi Hodge Hill mwezi wa pili. Tuliamkia, tukakaa, kisha tukafungua droo na kumrudishia Bibi simu yake. Betri ilikuwa imekufa, lakini betri za aina ile bado zinauzwa. Laini za siku hizi ni ndogo mno kwa simu ile, kwa hiyo tulitumia kifremu cha plastiki. Iliwaka. Bibi alishikilia 3, akangoja, na Pangani ikapokea. Walizungumza dakika arobaini.

Lakini hadithi haijaisha, na hili ndilo linalotutia wasiwasi. Simu ya Bibi inatumia mtandao wa kizazi cha pili. Kampuni za hapa zimekwisha kuzima kizazi cha tatu, na serikali na kampuni zimekubaliana kwamba cha pili nacho kitakuwa kimezimwa ifikapo 2033. Siku hiyo Nokia 1100 itabaki tochi tu. Vipo vitochi vipya vinavyotumia mitandao mipya, na tutamtafutia kimoja chenye vitufe anavyovijua. Hata hivyo, huduma za hapa zinazidi kudai simu janja, kuanzia benki mpaka miadi ya daktari, na kila mara anayeulizwa "huna programu yetu?" ni mtu kama Bibi.

Tulikuwa tumeandika jina lake kwenye orodha ya watu wasiojua teknolojia. Sasa tunaona kwamba alijua moja kwa miaka karibu ishirini, tena kwa kidole, bila kutazama. Sisi hatuwezi.

Ombi letu kwa wasomaji: mkienda nyumbani likizo, msianze kwa kuwafundisha wazee wenu simu. Waombeni wawaonyeshe wanavyotumia yao. Mkiwa na kisa cha mulika mwizi au cha kitochi, kituandikieni kwa toleo lijalo.

Jana jioni, tukiwa maktaba tunamalizia makala haya, simu ya mmoja wetu iliita mara moja ikakatika. Bibi analipia dakika zisizo na kikomo, hana haja ya kubipu, lakini anabipu. Tulikusanya vitabu tukatoka. Chakula kilikuwa tayari.